Slaidi ya glasi, ya shaba na soketi ya gereji: uzoefu wangu wa kuanza gitaa la slaidi hapa Dodoma

Wadau wa gitaa habari zenu. Hii naandika kwa yeyote aliyeko Dodoma, Manyoni, Singida huko, anayetamani kuanza kupiga slaidi ila anajiambia vifaa hakuna huku kwetu. Vipo. Mimi nimetumia slaidi ya glasi niliyoagiza Dar, nimetumia ya shaba ya njano, nimetumia na soketi ya kufungulia plagi ya gari kutoka duka la spea, zote nimezipigia kwenye gitaa kavu (lisilo la umeme) lile lile la kawaida, halafu gitaa lenyewe nikampelekea fundi aninyanyulie nyuzi. Jibu langu nalisema mapema kabisa, hela ya kwanza mpe fundi, slaidi ya bei itafuata, hata soketi inatosha kuanzia.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, slaidi ni kibomba kifupi unavaa kidoleni, na badala ya kukandamiza uzi mpaka ukae kwenye freti (vile vyuma vilivyopita shingoni) wewe unaupitishia tu kibomba juu yake, noti inateleza kutoka hapa hadi pale bila kukatika, yaani inalia kama mtu anayeimba. Weusi wa kusini mwa Marekani wanapiga hivi tangu zamani sana, mwanamuziki W.C. Handy alimkuta jamaa stesheni ya Tutwiler, Mississippi, kwenye mwaka 1903 hivi anapiga gitaa huku anateleza kisu kwenye nyuzi, na Hawaii nako mpiga gitaa Joseph Kekuku alishaanza na kipande chake cha chuma miaka ya mwisho ya 1800. Sasa mtu akikwambia huwezi kuanza bila kifaa cha laki, mkumbushe kile kisu.

Nianze na soketi maana ndiyo rahisi. Nenda duka lolote la spea za magari, omba soketi ndefu ya plagi, yangu nilipewa kwa elfu sita. Cha kuangalia ni iingie kidole cha mwisho au cha pete mpaka ivuke kiungo cha kati, na nje iwe laini kabisa, maana zingine zina namba zimechongwa katikati na ule mchongo ukipita kwenye uzi unasikika kwaruu. Ipitishe ukucha kabla hujalipa, ukucha ukikwama popote irudishe. Na hii siyo shida ya ukata, Lowell George wa bendi ya Little Feat ya Marekani alikuwa anapiga na soketi ya plagi na sauti yake mpaka leo watu wanaitafuta. Uzito wake ndiyo utamu wake, inakaa yenyewe juu ya nyuzi huhitaji kukandamiza, na kwa anayeanza hilo ni jambo kubwa. Ubaya ni kwamba inachosha kidole ukipiga muda mrefu, na sauti yake ni kali, kwenye nyuzi nyembamba inakata masikio kidogo.

Glasi ni kitu kingine kabisa. Mimi nilichukua ya Dunlop, ukuta mnene, na kwa kweli naipenda, sauti inatoka ya duara, laini, ile mikwaruzo ya nyuzi nene za kusokotwa inapungua sana. Mpiga gitaa wa Marekani Duane Allman alitumia kichupa cha glasi cha dawa ya mafua ya Coricidin akakivaa kidole cha pete, ndiyo maana glasi imekuwa na jina kubwa hivi. Ila sakafu zetu ni za vigae jamani, ikidondoka ndiyo basi tena, mimi napigia juu ya mkeka. Nyingine, glasi nyembamba usinunue hata ukipewa nusu bei, ni nyepesi mno, unajikuta unakandamiza ili itoe sauti na ukikandamiza uzi unagonga freti. Ya shaba ya njano iko katikati, nzito kuliko glasi, noti inadumu muda mrefu, ila mkono wa jasho (na Oktoba hapa mnaijua) unaifanya inuke shaba na inaanza kuteleza kidoleni. Nimebandika plasta ya kitambaa kwa ndani imetulia.

Sasa fundi, na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri. Gitaa la kawaida nyuzi zake zimekaa chini ili vidole visiumie, kwa slaidi hiyo ni balaa, kila ukipita unagonga vyuma vya freti tak tak tak, unadhani mkono wako mbovu kumbe gitaa ndilo halijaandaliwa. Nilimkuta fundi mmoja pale Majengo anayetengeneza magitaa na spika, nikamweleza nataka nyuzi zipande. Hakugusa daraja la chini kwanza, alitoa kile kipande cheupe chenye mifereji pale shingo inapokutana na kichwa, akakiangalia, akasema kijana wangu hiki ni plastiki, niletee mfupa wa ng'ombe wa mguu nikuchongee kirefu zaidi. Mfupa Dodoma! Jumamosi nikapita mnada wa Msalato, nikala nyama na mfupa nikaondoka nao. Aliuchemsha kutoa mafuta, akauacha ukauke, akaukata na msumeno wa chuma, akausaga kwa msasa huku anaupima kila mara dhidi ya ule wa zamani, kisha mifereji akaichimba na vifaili vidogo vya sindano uzi mmoja mmoja. Alipomaliza nyuzi zote zilikuwa zimelala usawa mmoja juu, na hili ni muhimu kwa sababu slaidi ni kitu kilichonyooka, uzi mmoja ukizama hauguswi. Kwenye freti ya 12 uzi mnene umesimama milimita 3 na kidogo juu ya chuma.

Kazi yote alinichaji elfu ishirini na tano. Kuna kile kidude cha chuma kinachouzwa cha kuvalisha juu ya kipande cha zamani, nacho kinafanya kazi na hakihitaji fundi, ila mfupa sauti yake imejaa zaidi kwa masikio yangu. Kama una gitaa moja tu na Jumapili linakungoja kwaya, mwambie fundi asigundishe kile kipya kwa gundi kali na kile cha zamani kitunze, ukilegeza nyuzi unabadilisha mwenyewe, maana kwa nyuzi zilizopanda hivyo kupiga kodi za kawaida (noti kadhaa kwa pamoja) vidole vitalia.

Nyuzi zenyewe weka nene, mimi natumia namba 13, hapa sikuzipata zilikuja na basi kutoka Kariakoo. Sababu ni tyuni, yaani noti ambazo nyuzi zimefungiwa: tutazilegeza, na nyembamba zikilegezwa zinakuwa tepetepe. Slaidi imenyooka kwa hiyo tyuni ya kawaida inakubania, watu wanalegeza nyuzi mpaka gitaa likipigwa wazi bila kushika kitu litoe kodi kamili. Ya kuanzia nashauri G ya wazi, uzi wa 6 ushushe kutoka E hadi D, wa 5 kutoka A hadi G, wa 1 kutoka E hadi D, ile mitatu ya kati usiiguse kabisa. Programu yoyote ya kutyuni ya simu inayoonyesha noti zote inatosha. Ukimaliza, wazi ni G, slaidi ikivuka nyuzi zote freti ya 5 ni C, ya 7 ni D, ya 12 unarudi G ya juu. Hizo kodi tatu zinabeba nusu ya nyimbo unazozijua za kanisani, jioni ile ile utakuwa unapiga kitu. Iko na E ya wazi wengi wanaisifia ila ile inakaza nyuzi badala ya kulegeza, kwa namba 13 na gitaa la bei yetu hapana, daraja litang'oka. Ukitaka ladha ile shuka D ya wazi.

Mkono wenyewe sasa. Slaidi ikae juu ya chuma cha freti kabisa, siyo nyuma yake tunavyobonyeza kawaida, ukikaa nyuma noti inakuwa chini na wote waliopo watajua. Ivae kidole cha mwisho ili vitatu vingine vibaki huru (mwanamama Bonnie Raitt wa Marekani anavaa kidole cha kati na anapiga vile anavyopiga, kwa hiyo siyo sheria), halafu kidole cha shahada au cha kati ukilaze taratibu nyuma ya slaidi, ndicho kinazima ile milio ya ajabu ajabu inayotoka upande wa kichwa. Mkono wa kulia nao una kazi, uzi usioupiga uzime kwa kidole, vinginevyo nyuzi zote zinalia kwa pamoja ni fujo. Mtikiso wa noti unatoka kwenye kiwiko na kiganja, kuja nyuma na mbele ya chuma kidogo tu, polepole. Msikilizeni mpiga slaidi wa zamani Blind Willie Johnson, rekodi yake moja ya 1927 ilipakiwa kwenye chombo cha Voyager mwaka 1977 ikaenda anga za mbali, pale utasikia mtikiso unavyotakiwa kuwa.

Na kitu ambacho kimenishika zaidi hakimo kwenye masomo yoyote ya video. Sisi huku tumekulia kwenye zeze, mzee Hukwe Zawose alilipeleka dunia nzima, na zeze halina freti. Muziki wa Kigogo unakaa kwenye zile noti zinazozaliwa na uzi wenyewe, na mojawapo inakaa chini kidogo ya noti ya kinanda, ukiitafuta kwenye gitaa la kawaida hupati, freti zinakukatalia. Kwa slaidi ipo. Kwenye G ya wazi shika uzi wa 1, nenda freti ya 3, kisha rudi nyuma ya chuma kidogo sana, unene wa slaidi yenyewe haufiki, sikiliza huku unapiga G ya chini, kuna mahali inatulia, haigombani tena. Hiyo ndiyo. Niliipiga mbele ya mzee mmoja wa Chamwino anayepiga zeze, nimemwamkia mbukwenyi (salamu ya Kigogo), nikaanza taratibu, akaingia na uta wake bila kunisubiri nimalize, akasema mjukuu wangu shuka tena kidogo, tena, hapo hapo kaa. Alikuwa anasikia tofauti ambayo programu ya simu haikuionyesha. Tangu siku hiyo mazoezi yangu nafuata sikio la yule mzee, naweka G ya chini inalia nami naitafuta noti juu yake nimefumba macho. Vijana wa Kigogo mnaopiga gitaa hii kitu ni yenu kabisa, ijaribuni.

Upande wa kununua, duka nililoagizia glasi mara ya kwanza lilinitumia saizi ndogo isiyopita kiungo na kubadilisha ikachukua mawasiliano marefu, nauli ya kurudisha nikalipa mimi. Kwa hiyo pima kiungo cha kidole kwa milimita, funga karatasi kukizunguka, iweke alama, urefu wake ugawe kwa 3.14, mtumie muuzaji kipenyo na umwombe akupigie picha slaidi ikiwa juu ya rula. Ikifika, ivae mkono ukiuelekeza chini utikise, isidondoke, na isibane mpaka kidole kibadilike rangi. Ya glasi ilinitoka elfu thelathini na tano pamoja na usafiri wa basi. Kwa anayetaka kujaribu kwanza bila kuagiza kitu, soketi na kile kipande cha mfupa ni elfu thelathini na moja jumla, nyama ya Msalato juu yako.