Buibui alipata kipara: uzoefu wangu na waya za manyoya

Nilijiapiza nisiandike hii nikiwa na hasira. Nimesubiri wiki moja, au tuseme mbili, na hasira iko palepale, kwa hiyo acha tu niandike.

Nazungumzia zile waya laini zenye manyoya ya rangi rangi. Kazi yake ya asili ni kusafishia kiko cha tumbaku, ila siku hizi wanaozishika zaidi ni watoto. Likizo imeanza, wangu wawili wanashinda ndani wakigombana, na kwenye pakiti pameandikwa rahisi, nafuu, hauhitaji gundi. Juu yake picha za buibui, maua, nyota za kutundika kwenye mti wa Krismasi. Nikanasa.

Tukaanza na buibui. Unapanga waya nne pamoja, unazisokota katikati, unazitawanya, una miguu minane. Binti yangu ana miaka sita na alisokota vizuri tu. Kisha akavuta mguu mmoja aunyooshe, na manyoya yote yakamtokea mkononi kama mtu anavua soksi. Kikabaki kichuma kitupu.

"Mama, amepata kipara mguuni."

Nilicheka, nakiri. Kicheko kiliisha nilipofungua kiganja chake nikakuta tone la damu. Ncha ilikuwa imemchoma.

Ndani ya kitu hiki kuna waya mbili nyembamba zilizosokotwa pamoja, na manyoya yamebanwa tu katikati ya msokoto. Ukiwa mlegevu, hakuna kingine kinachoyashika. Hizi zetu nadhani zilisokotwa na mtu aliyekuwa anawahi basi. Mpaka jioni manyoya yako kwenye zulia, kwenye nywele, mengine nimeyatoa ndani ya kikombe cha chai.

Nikamwandikia muuzaji, kwa adabu, na picha nikaambatisha. Jibu lake hili hapa: "Dada, hiyo ni waya. Waya inachoma. Mtoto asimamiwe."

Asimamiwe! Nilikuwa nimekaa naye goti kwa goti! Nikamuuliza, haya, na manyoya je, nayo yananyonyoka kwa kukosa msimamizi? Akasoma, akanyamaza. Mpaka leo kimya. Pesa siidai, ni ndogo. Neno "pole" lingemgharimu nini?

Sasa niwe mkweli kidogo, maana najua mtanisema. Ncha ningezikunja mwenyewe. Anayezijua hizi waya hampi mtoto kabla hajakunja kila ncha irudi nyuma kidogo na kuibana kwa koleo, na kukata anakata kwa koleo hilohilo. Mimi nilikata kwa mkasi wangu wa kushonea. Una pengo sasa, kila nikipitisha kwenye kitambaa unatafuna badala ya kukata. Hilo ni langu. Lakini pakiti nzima imejaa picha, wakashindwa kuandika sentensi moja, "kunja ncha"?

Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba kitu chenyewe ni kizuri. Ndiyo, nimesema. Kijana wangu alizungushia waya kwenye penseli, akaichomoa, ikatoka springi, akashinda nayo siku nzima bila kuniuliza simu iko wapi. Nyekundu na nyeupe tulipozisokota pamoja ili tupate ile fimbo ya peremende ya Krismasi, hazikunyonyoka hata kidogo, kwa sababu kila moja inaibana mwenzake. Tukatengeneza kumi na kitu. Hapo nilikuwa tayari kutoa nyota nne, wallahi.

Halafu nikafungua simu kutafuta jina la pakiti, nikaliona tena lile jibu. Nyota moja.

Buibui bado yupo, ananing'inia juu ya kitanda. Nilitaka kumtupa, nikaambiwa nisithubutu, huyo ni babu wa buibui wote ndiyo maana ana kipara. Pakiti nyingine nimeshaagiza, kwa muuzaji mwingine. Ikifika, kabla hawajaiona, nitaingia nayo chumbani nifunge mlango, nivute waya moja kwa nguvu zangu zote.