Sage Philosophy ya Odera Oruka: anzia kwa wazee

Kitabu hiki cha falsafa ya wenye hekima, cha Henry Odera Oruka aliyekuwa mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, kilitoka mwaka 1990, na bado ndicho cha kumpa anayedhani falsafa huanzia darasani. Usianze na nadharia. Ingia moja kwa moja kwenye mahojiano na wazee, kisha urudi nyuma.

Oruka anawagawa wenye hekima mafungu mawili. Wa kwanza anazijua mila na methali, watu humwendea kwa ushauri, lakini ukimbana kwa "kwa nini?" anarudi palepale: ndivyo tulivyorithi. Wa pili huipima mila yenyewe. Msome Paul Mbuya Akoko, mmoja wa wazee waliohojiwa: anasema Waluo walikosea kudhani kila jamii ina Mungu wake, kwani miungu ingekuwa mingi, maumbile yangevurugika. Hoja safi kabisa, na imetoka nje ya chuo.

Udhaifu uko kwenye maswali. Mhojaji ni msomi na huchokoza, kwa hiyo pengine ni vigumu kujua wazo limeanzia kwa nani. Isitoshe, wazee tunawasoma kwa Kiingereza, na ladha ya usemi wao imepungua sana. Makala za wakosoaji zilizomo kitabuni zinawafaa zaidi walimu.