Ziara ya nusu siku Mengo, Kampala: Bulange, Lubiri na lile handaki. Nendeni, ila mwulize maswali

Naanza na jibu maana najua wengi mtasoma hapa juu tu: nendeni, pesa haipotei. Lakini mkifika msimwache kijana wa kuwaongoza aongee peke yake, mchokozeni kwa maswali, kwa sababu stori wanayouza hizi kampuni ni moja, Amin, Amin, Amin, kama vile Uganda ilikuwa peponi mpaka tarehe 25 Januari 1971, siku Idi Amin alipopindua serikali, halafu asubuhi hiyo mtu mmoja akaamka vibaya.

Sisi tulikuwa mimi mwenyewe wa Jinja, mashemeji zangu wawili kutoka Mwanza na baba yao, mzee aliyepigana Vita vya Kagera, kwa hiyo mnaelewa wateja wenyewe hawakuwa wa kudanganywa. Kampuni siitaji. Tulibuku kwa WhatsApp tukaomba mtu wa Kiswahili, gari likachelewa karibu saa nzima, kisingizio jamu, na Kiswahili cha kijana kilikuwa kinaanza vizuri kinaishia Kiluganda. Hilo la lugha mimi sikulikasirikia sana. Amin alikitangaza Kiswahili lugha ya taifa mwaka 1973 na kikabaki mdomoni mwa wanajeshi, watu wa rika la mama yangu hapa Kampala wakisikia Kiswahili usiku walijua ni rodibloku au ni wezi, basi wakakikimbia wao na watoto wao. Kuingia kwenye katiba kama lugha rasmi ya pili kumekuja 2005 tu. Kijana alijitahidi bana.

Mnaanzia Bulange, bunge la ufalme wa Buganda, yaani Lukiiko, linakaa pale. Jengo zuri lakini msikae sana, utamu uko barabarani, ile Kabaka Anjagala iliyonyooka kama rula kutoka Bulange mpaka geti la Lubiri, pembeni kuna alama za koo za Waganda na mashemeji walipiga picha hadi simu ikafa. Katikati kuna raundabauti yenye kinjia kinachopita katikati yake, kimefungwa geti, na anayepita hapo ni Kabaka, mfalme wa Buganda, peke yake, wengine wote mnazunguka. Mzee akauliza, "Na ambulansi je?" Kijana akasema, "Mzee wangu, na yenyewe inazunguka."

Lubiri sasa. Ikulu yenyewe, Twekobe, ya mwaka 1922, hamuingii ndani, mnaiangalia kwa nje tu, msije mkalalamika kwamba hamkuambiwa. Kijana anasimama pale kwenye nyasi anasimulia tarehe 24 Mei 1966, jeshi lilivyoivamia ikulu na Kabaka Mutesa wa Pili akaruka ukuta, akapenya mpaka Burundi, akaishia London, akafia huko 1969. Anasimulia vizuri kweli, mikono inaenda, sauti inashuka, unaona kabisa hii alihadithiwa nyumbani kabla hajalipwa kuihadithia. Tatizo ni kwamba kila saa anasema "wanajeshi wa Amin". Nikamuuliza, ssebo, Amin siku hiyo alikuwa anatumwa na nani? Akacheka kidogo, "Aah nyabo, Obote." Sasa hiyo si ndo stori yenyewe! Mutesa alikuwa Rais wa nchi, Obote Waziri Mkuu, walishika madaraka kwa muungano wa vyama viwili, UPC cha Obote na Kabaka Yekka cha watu wa Kabaka, na muungano ulivunjika 1964 kwa ajili ya zile kaunti za Buyaga na Bugangaizi ambazo Waingereza walizimega kutoka ufalme jirani wa Bunyoro wakawapa Buganda, wananchi wa kule wakapiga kura kurudi Bunyoro, Buganda ikanuna. Februari 1966 bungeni ikaja kashfa ya dhahabu ya Kongo, Obote na Amin wakatajwa wote wawili, Obote badala ya kujibu akawakamata mawaziri wake watano hapohapo kwenye kikao cha baraza, akasimamisha katiba. Mwezi wa tano Lukiiko ikaiambia serikali kuu iondoke kwenye ardhi ya Buganda, siku nne baadaye mizinga. Mwaka uliofuata falme zote zikafutwa. Kaunti hizo kijana hakuzigusa hata kidogo, naye ni Muganda namwelewa, lakini mgeni anatoka pale anafikiri Kabaka alivamiwa bure tu.

Kwangu mimi hapo 1966 ndo nchi ilipokata kona. Kabla ya hapo mkigombana mnaenda mahakamani au mnapiga kura, baada ya hapo mwenye jeshi ndo mwenye neno, na aliyefundishwa hilo kwa vitendo ni Amin, miaka mitano baadaye akamgeuzia bosi wake akiwa mkutanoni Singapore.

Kitu kimoja kijana alikileta bila kuulizwa na nampa maksi zote: Amin huyohuyo aliyeongoza kuvamia ikulu ndo aliurudisha mwili wa Mutesa kutoka Uingereza mwaka 1971 akazikwa Kasubi, kwenye makaburi ya wafalme, na Waganda wakamshangilia barabarani. Mzee wetu hakuwa anajua. Alirudia mara mbili, "Wakamshangilia?"

Handaki. Mnashuka mteremko kwenye miti, ni zege tupu limechimbwa kilimani, lilijengwa na Waisraeli liwe ghala la silaha wakati bado ni marafiki wa Amin, alikuja kuwafukuza 1972. Likageuzwa jela ya kutesea watu. Ni korido moja ya giza na vyumba upande mmoja, sakafu ya vyumba iko juu ya korido, na chini walikuwa wanajaza maji wanapitisha umeme, ukijaribu kutoka unakufa. Ukutani kuna maandishi ya mkaa na alama za viganja. Shemeji mdogo aliweka kiganja chake karibu na kimoja, hakukigusa, akatoka nje kabla yetu. Idadi ya waliokufa humo kila mwongozaji ana yake, sitairudia hapa. Na tafadhali, selfi za kucheka humo ndani acheni, kuna kundi tulilikuta linapozi kama liko bichi.

Baada ya hapo ziara inaharibika. Kutoka 1979 mpaka 1986 kijana alitumia sentensi moja, "Watanzania wakaja wakamtoa, halafu NRM wakaleta amani." Mzee akamtazama. "Na Lukaya?" Kijana hajui Lukaya. Basi mzee ndo akageuka mwongozaji, akaeleza walivyotoka Masaka Machi 1979 wakakutana na Walibya waliokuja kumsaidia Amin pale Lukaya kwenye barabara ya kinamasi, kabla ya Entebbe na kabla ya Kampala kuanguka 11 Aprili, na watalii wengine wakasogea wakasikiliza, bure kabisa. Yaliyofuata nilimalizia mimi kwenye gari: Rais Lule siku 68, Rais Binaisa naye akaondolewa, uchaguzi wa Desemba 1980 uliomrudisha Obote, Museveni akaingia porini Februari 1981 kwa kuvamia kambi ya jeshi ya Kabamba, eneo la Luwero likateketea kwa vita hivyo, Jenerali Okello akampindua Obote Julai 1985, NRA, jeshi la NRM ya Museveni, wakaichukua Kampala 26 Januari 1986. Hayo nayo ni maiti wengi jamani, hayawezi kuwa sentensi moja. Nilipouliza kuhusu falme kurudishwa 1993 alifurahi akaongea, nilipouliza ukomo wa mihula ya rais uliotolewa 2005 na wa umri 2017 akaangalia getini akasema tuwahi chakula. Sikumsukuma zaidi.

Ya kujua kabla ya kwenda: vaeni viatu vya kufunga, mvua ikinyesha ule mteremko wa handaki ni utelezi mtupu, tochi ya simu iwe na chaji. Tiketi kateni wenyewe getini mpewe risiti, sisi tuliombwa "ya picha" pembeni tukakataa na hakuna kilichotokea. Nyota tatu na nusu kati ya tano. Kama mnabaki na muda, ongezeni Msikiti wa Taifa pale Old Kampala mpande mnara, ngazi ni nyingi na magoti yatalia, mzee alibaki chini na chai yake, lakini ukiwa kule juu unaona vilima vyote, na Mengo uliyotoka unaionyesha kwa kidole.