TAHADHARI! Msinunue postikadi za Tyneham kwa yule mzee "aliyefiwa na mke"

Wapendwa, nimepigwa. Pauni 140, kwa postikadi 3 ambazo hazifikii hata bei ya bahasha iliyozileta. Nimekaa nalo siku 9 kwa aibu, mke wangu mwenyewe nimemwambia juzi tu. Lakini jana usiku nimemwona yule mtu kaweka tangazo jingine, nikaona bora nidhalilike mimi kuliko alizwe mwingine.

Mnajua nilivyoisaka Tyneham tangu ile safari yetu ya Dorset, kusini mwa Uingereza. Kijiji kizima jeshi lilikihamisha Desemba 1943 lipate uwanja wa mazoezi, watu wakaondoka wakitegemea kurudi vita vikiisha, wakaacha karatasi kwenye mlango wa kanisa kuomba nyumba zao zitunzwe. Hawakurudi hadi leo. Mliziona zile kuta zisizo na mapaa. Kwa hiyo picha inayoonyesha mapaa yapo na watoto wamesimama mlangoni, mimi naishika kama picha ya marehemu. Na hayo yote nilimweleza yule mshenzi kwa mkono wangu!

Nilimwamini kwa sababu. Kwanza aliniuzia postikadi ya kijiji cha Bibury, ile safu ya nyumba za Arlington Row, pauni 4. Ikafika, halali kabisa: mstari katikati ya mgongo, stempu ya nusu peni ya Mfalme Edward, kona moja imebanduka. Kisha ya kijiji cha Castle Combe, pauni 6, nayo safi. Akasema ni mkusanyo wa marehemu mkewe, hana moyo wa kuupeleka mnadani. Kila akiandika anamuulizia mama yangu hali yake. Mtu kakutumia mali safi mara mbili, mtu mzima, mfiwa, utamshuku kwa lipi?

Akaja na Tyneham. Eti picha halisi za kamera, si za mashine ya kuchapa, muhuri wa posta wa 1908, nyumba za Post Office Row, ananipa mimi kwanza, ila yuko dalali anazisubiri mpaka asubuhi. Akaniomba nitume pesa kama zawadi kwa rafiki, tusikatwe ada. Nilibonyeza saa 5 usiku nimesimama jikoni, chai imepoa mkononi.

Bahasha ilifika Jumamosi. Nikaifungua kwa mkasi polepole nisije nikakata kona. Harufu ndiyo ilinishtua, harufu ya duka la fotokopi. Nikasema labda ni bahasha. Nikageuza mgongo, nikapitisha ukucha kwenye meno ya stempu. Ukucha haukugota popote. Stempu, muhuri, mwandiko wa peni, hata doa la wino juu ya jina la kijiji, vyote vimechapwa bapa kwenye karatasi moja! Kona kazisugua kwa msasa, zote 4 kwa kipimo kimoja, na kapaka kitu kama chai. Niliketi kitini, sikuweza kula.

Huyu afungwe. Sheria ya Ulaghai ya Uingereza ya 2006 inafika miaka 10 jela, na mimi naona kumi haimtoshi mtu anayemuua mke mdomoni ili auze karatasi. Kaka mmoja wa Coventry naye kalizwa na kadi hiyo hiyo, doa hilo hilo, pauni 45. Polisi nimewapelekea kila ujumbe. Hela ya "zawadi" kurudishwa ni kazi, nimeshaambiwa. Sitalala mpaka asimame mbele ya hakimu.

Kwa haraka, maana nina hasira bado: picha halisi ya kamera ukiitazama kwa lenzi haina vitone, zangu zina vitone vya buluu na vyekundu kwenye picha inayoitwa nyeusi na nyeupe. Ukizimulika kwa taa ya kukagulia noti bandia, karatasi yake hizi zangu inawaka nyeupe kama shati jipya. Ya 1908 haiwaki hivyo. Ombeni picha ya stempu iliyopigwa kwa ubavu. Alipoombwa na kaka wa Coventry alisema macho yake hayaoni vizuri.

Jina analotumia sasa siliandiki hapa, polisi wamenikataza. Nitumieni ujumbe nitawapa. Tangazo la jana ni la Imber, kile kijiji kingine kilichohamishwa na jeshi 1943 kule Wiltshire. Anataka pauni 60, na dalali bado anamsubiri mpaka asubuhi.