Jalada la Seneta wa Illinois: tathmini ya huduma ya kumbukumbu za uchaguzi mjini Jinja

Nafundisha historia na Kiswahili katika shule ya sekondari mjini Jinja, Uganda, na muhula huu wanafunzi wangu wa kidato cha tano walipewa mdahalo juu ya swali hili: rekodi ya uchaguzi ya mwanasiasa inatueleza nini kuhusu utumishi wake? Nilitaka wawe na mtu mmoja wa kumchunguza tangu fomu yake ya kwanza hadi matokeo yake ya mwisho. Nikamchagua Barack Obama, si kwa ajili ya urais wake, ambao kila mtoto hapa anaufahamu, bali kwa ajili ya miaka karibu minane, kuanzia Januari 1997 hadi Novemba 2004, aliyoketi mjini Springfield katika Seneti ya Illinois, sehemu mojawapo ya shirikisho la Marekani. Miaka hiyo ni wachache mno wanaoijua, hata miongoni mwetu tunaopenda kukumbushana kwamba baba yake alitoka ng'ambo ya pili ya ziwa letu.

Huduma ninayoitathmini inatolewa katika chumba kimoja cha ghorofani, hatua chache kutoka Barabara Kuu ya Jinja, kisicho na bango mlangoni. Mna kompyuta tatu, mashine ya kuchapisha na vijana wawili, kaka na dada, ambao riziki yao ya kila siku ni kuchapa barua, kujaza maombi ya pasipoti mtandaoni na kutoa nakala za hati za viwanja. Pamoja na hayo wanapokea maagizo ya kutafuta nyaraka: unaeleza unachotaka, unalipa nusu, na baada ya siku mbili unakabidhiwa jalada lililofungwa vizuri. Nililipa shilingi 20,000 za utafutaji na shilingi 500 kwa kila ukurasa. Nimeitumia huduma hii mara mbili, na ninayoyasema hapa yanatokana na majalada yote mawili.

Katika jalada la kwanza, la Obama, sehemu iliyonifanya niamini kwamba mtayarishaji anaipenda kazi yake ni ile ya 1996. Alice Palmer, aliyekuwa seneta wa eneo la 13 kusini mwa Chicago, aliamua kuwania kiti cha Baraza la Wawakilishi la taifa, na Obama akajitosa kugombea kiti kilichoonekana kuachwa wazi. Novemba 1995 Palmer alishindwa na Jesse Jackson Jr., akabadili nia na kutaka kubaki na kiti chake. Sheria ilimtaka kila mgombea alete saini halali 757 za wapiga kura wa eneo hilo. Watu wa Obama walizikagua fomu za wapinzani jina baada ya jina, wakizilinganisha na daftari la wapiga kura, na saini nyingi zikakataliwa, nyingine kwa sababu mwenye saini hakusajiliwa katika eneo hilo, nyingine kwa sababu jina liliandikwa kwa herufi za kuchapa badala ya mwandiko wa kawaida wa kutia saini. Palmer alijiondoa, wagombea wengine watatu wakaenguliwa, na kura ya mchujo ya chama cha Democratic ya Machi 1996 ikabaki na jina moja tu. Mwezi Novemba, ambapo walikuwapo wagombea wengine, alishinda kwa zaidi ya asilimia 80.

Jalada lingeweza kuandika kwamba katika mchujo wa 1996 alipita bila kupingwa, na lisingekuwa limesema uongo. Lakini mtayarishaji alitambua kwamba neno hilo linaficha habari yote, akatoa kurasa tatu nzima kueleza namna wapinzani walivyotoweka. Darasani, kurasa hizo ndizo zilizozua mabishano makali kuliko zote. Baadhi ya wanafunzi walisema sheria ni sheria, na asiyeweza kupata saini 757 za kweli hana haki ya kulalamika. Wengine walisema mtu aliyejijengea jina kwa kuandikisha wapiga kura, kama alivyofanya Obama mwaka 1992, hakupaswa kuwapunguzia wapiga kura hao wagombea wa kuchagua. Mmoja alilinganisha na kwetu, ambako mgombea ubunge huhitaji saini za wapiga kura kumi tu, lakini hutakiwa kulipa shilingi milioni tatu zisizorudishwa. Akauliza kizuizi kipi ni cha haki zaidi, cha saini au cha fedha. Sikuwa nimeliandaa swali hilo, na nililifurahia sana.

Kurasa za mwaka 2000 nazo zinastahili pongezi. Obama alimkabili mbunge wa taifa, Bobby Rush, katika kura ya mchujo ya tarehe 21 Machi, akashindwa vibaya: Rush alipata asilimia 61, Obama 30, na Donne Trotter 7. Jalada halikuishia kwenye takwimu. Lilieleza kwamba Rush alionekana dhaifu kwa kuwa mwaka 1999 alishindwa na Richard M. Daley katika kinyang'anyiro cha umeya wa Chicago; kwamba baadaye mwaka huohuo mwanawe aliuawa kwa risasi, na wapiga kura wakamwonea huruma; na kwamba mwishoni mwa Desemba, wakati Seneti ya Illinois ikipigia kura mswada wa kudhibiti silaha, Obama alikuwa Hawaii na familia yake, mtoto wake akaugua, naye hakurudi kwa wakati. Mswada ulikosa kura za kutosha na magazeti yakamshambulia. Nimezoea kusoma wasifu wa wanasiasa wetu uliochapishwa kwenye vipeperushi vya kampeni, ambamo mwaka wa kushindwa hurukwa kana kwamba haukuwapo kwenye kalenda, na kwa hiyo nilithamini mno kuuona mwaka 2000 umewekwa mahali pake na kwa ukamilifu.

Upungufu ulianza kwenye jedwali. Safu ya mwaka 2004 ilionyesha kwamba Obama alikitetea kiti chake cha useneta dhidi ya Alan Keyes kwa asilimia 70 kwa 27. Asilimia hizo ni sahihi, ila kiti ni kingine kabisa. Uchaguzi ule wa Novemba 2004 ulikuwa wa Seneti ya Marekani, inayokaa Washington, na wapiga kura wake walikuwa wa Illinois nzima. Kiti cha Springfield alikuwa amekitetea mara mbili, mwaka 1998 alipomshinda Yesse Yehudah kwa karibu asilimia 89, na mwaka 2002 bila kupingwa. Baada ya ushindi wa 2004 alijiuzulu, na nafasi yake huko ikachukuliwa na Kwame Raoul kwa kuteuliwa. Jedwali lilikuwa limeunganisha mabaraza mawili likayafanya moja.

Niliporudi na jalada mkononi, yule dada alilitazama jedwali kwa muda mrefu kisha akasema, "Mwalimu, utusamehe. Mimi nilijua jimbo ni jimbo." Sikuweza kumlaumu sana, kwa sababu kosa hili limejificha ndani ya lugha yetu wenyewe. Katika Kiswahili cha Afrika Mashariki, jimbo ni eneo ambalo mbunge anatoka, na kila mbunge wa kuchaguliwa ana jimbo lake. Tunapoandika kwamba fulani ni mbunge wa zamani wa jimbo, msomaji wa Jinja, Busia au Arua anamwona mtu aliyekuwa bungeni Kampala, si mtu aliyekuwa katika baraza la kutunga sheria la sehemu moja ya nchi ya shirikisho. Tena Bunge letu lina chumba kimoja tu, ilhali Illinois peke yake ina vyumba viwili: Seneti yenye viti 59 na Baraza la Wawakilishi lenye viti 118. Nilipendekeza jedwali lisitumie kabisa maneno "seneta wa jimbo", bali liandike "Seneti ya Illinois" na "Seneti ya Marekani" katika safu mbili tofauti. Walilirekebisha bila malipo, na kesho yake asubuhi nilikuta nakala mpya ikinisubiri. Mtoa huduma anayekubali kosa mbele ya mteja na kulisahihisha siku inayofuata ni mtu wa kurudiwa.

Kuna dosari mbili nyingine ambazo hazikutokana na lugha. Ya kwanza ni ukimya juu ya urefu wa vipindi. Mwanafunzi anayeona miaka 1996, 1998 na 2002 atajiuliza kwa nini pengo la kwanza ni la miaka miwili na la pili la minne. Katiba ya Illinois inagawa viti vya Seneti katika makundi matatu, na katika kila muongo kila kiti huwa na vipindi viwili vya miaka minne na kimoja cha miaka miwili, kwa mpangilio unaotofautiana. Hili si jambo dogo, kwa kuwa ndilo linaloeleza jinsi Obama alivyoweza kumkabili Rush mwaka 2000, akashindwa, kisha akarudi Springfield kuendelea na kiti ambacho kipindi chake kilikuwa hakijaisha.

Ya pili ni nzito zaidi. Jalada liliandika kwamba katika kura zipatazo 4,000 alizopiga, mara 129 Obama hakusema ndiyo wala hapana, bali alijiandikisha tu kwamba yupo. Likaishia hapo. Mwanafunzi wangu mmoja alihitimisha papo hapo kwamba huyu alikuwa mtu wa kukwepa maamuzi, na huenda katika baadhi ya kura hizo ana hoja, lakini alinyimwa nusu ya maelezo. Katika Seneti ya Illinois mswada hupita kwa wingi wa wajumbe wote, yaani kura 30 kati ya 59, si kwa wingi wa waliopiga kura. Kwa hiyo kura ya "nipo" inauzuia mswada sawasawa na kura ya hapana, na vyama huitumia kama mbinu ya pamoja. Takwimu iliyotolewa bila kanuni ya kuihesabia inamwonea mtu, awe ni nani.

Kwa mantiki hiyohiyo, ilinishangaza kuona orodha ya sheria ni fupi kwa miaka sita ya mwanzo na ndefu ghafla kwa mwaka 2003, pasipo neno la kueleza sababu. Sababu yenyewe inajulikana: Republican ndio waliokuwa na wingi katika Seneti hiyo hadi Democratic walipoushinda katika uchaguzi wa 2002, na Januari 2003 Emil Jones akawa rais wa Seneti na kumkabidhi Obama uenyekiti wa kamati ya afya na huduma za jamii. Mwaka huohuo zilipita sheria ya kurekodi mahojiano ya polisi na watuhumiwa wa mauaji na ile ya kukusanya takwimu za rangi za madereva wanaosimamishwa barabarani. Kuzisoma bila kujua nani alikuwa na wingi ni kama kumsifu mkulima kwa mavuno bila kutaja kwamba mvua ilinyesha.

Kwa agizo la pili niliomba jalada la mbunge wa zamani wa hapa nyumbani, Robert Kyagulanyi Ssentamu, kwa kipindi chake cha kuwakilisha Kyadondo Mashariki. Nililetewa kurasa nne. Uchaguzi mdogo wa tarehe 29 Juni 2017 umeelezwa vizuri, pamoja na sababu yake, kwamba mahakama ilibatilisha ushindi wa Apollo Kantinti, na kura 25,659 alizopata mshindi. Lakini upande wa kura alizopiga akiwa bungeni karibu hauna kitu, na sidhani kama kosa ni la vijana wale. Bunge letu huamua mambo mengi kwa sauti, Spika akasikiliza upande upi umezidi, na kumbukumbu rasmi hubaki na maneno ya wajumbe bila kura zao binafsi. Kura ya kuitana kwa majina, kama ile ya Desemba 2017 kuhusu ukomo wa umri wa rais, ni tukio la nadra. Ningependa tu kurasa hizo nne ziliseme jambo hilo waziwazi, ili mwanafunzi asidhani kwamba mbunge hakupiga kura.

Kwa atakayekwenda: fika asubuhi, kwa sababu mchana foleni ya watu wa pasipoti hujaza ngazi. Andika maelezo yako kwenye karatasi, taja miaka na taja mabaraza kwa majina yake kamili. Omba majedwali yachapishwe kando na maelezo, maana ni rahisi kuyasahihisha. Muulize yule dada kanuni ya kila takwimu kabla hujalipa nusu ya pili. Atakuahidi kuitafuta, na kwa uzoefu wangu hutimiza. Naipa huduma hii alama saba kati ya kumi, na saba hizo zimetokana zaidi na kurasa za 1996 na 2000.

Nimeshaagiza jalada la tatu. Linahusu wajumbe 21 wa Buganda walioingia katika Bunge la taifa mwaka 1962 kwa kuchaguliwa na Lukiiko, baraza la ufalme wa Buganda, badala ya kupigiwa kura moja kwa moja na wananchi, kwa kuwa wanafunzi wameuliza kama Uganda iliwahi kuwa na baraza linalokaribia lile la Springfield. Nimelipa nusu, nitalichukua Alhamisi.