Niliagiza barua ya Kimongolia ya kuandikwa kwa mkono: uzoefu wangu

Mama wa rafiki yangu Mmongolia niliyekaa naye bweni Beijing amenitumia soksi za manyoya ya ngamia mara mbili, na hatujaonana hata siku moja. Nikaona asante ya WhatsApp haitoshi. Nikatafuta mwandishi wa khati huko Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia, anayepokea oda mtandaoni, nikamwagiza barua kwa mwandiko wao wa zamani, ule unaoshuka kutoka juu kwenda chini. Jina la duka silitaji kwa sababu nina malalamiko. Nililipa dola 40, pamoja na kunitafsiria maneno na kuifikisha kwa mama mlangoni. Nakala yangu ya Tanga ilikuwa dola 15 zaidi.

Siku ya nne nikatumiwa rasimu ya kuhakiki. Naifungua kwenye simu, herufi zote zimelala ubavu, zimeachana kama dagaa walioanikwa. Nikawaandikia kwa hasira. Kumbe simu yangu ndiyo isiyojua kuusimamisha mwandiko huo. Umo kwenye Unicode, orodha ya herufi za dunia ambazo kompyuta na simu hutumia, tangu 1999, lakini programu nyingi bado zinaulaza. Wakanitumia picha, yakaisha. Ila wangeituma picha tangu mwanzo wangepungukiwa nini?

Halafu likaja suala la jina. Naitwa Tatu. Mwandishi akaniandikia kwa adabu kwamba t na d zikitangulia irabu mara nyingi huwa na umbo moja, na o na u vilevile, kwa hiyo asiyenijua anaweza kusoma Dadu. Nilicheka peke yangu. Barua ya heshima yote ile, mwishoni imetiwa sahihi na dadu! Tukaliacha hivyo hivyo, mama ananijua.

Sasa karatasi yenyewe. Hapo sina neno. Kila neno ni mstari mmoja wa wino unaoteremka bila kukatika, na herufi zimeushikilia pembeni: jino dogo, tumbo la mviringo, upinde, kisha mkia uliovutwa mpaka brashi ikaanza kukauka na weupe wa karatasi ukachungulia katikati ya weusi. Majina hayo sikuyatunga mimi, ndivyo wenyewe wanavyoziita sehemu za herufi zao. Safu zinaanzia kushoto kwenda kulia, kinyume na Kichina cha zamani.

Nikaizungusha karatasi robo, upande wa juu ukaja kulia. Nilishtuka. Zikawa kama barua za bibi yangu, za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Na kweli ni ndugu wa mbali. Wamongolia waliupokea mwandiko huu kwa Wauighuri, watu wa Asia ya Kati. Inasimuliwa kuwa mwaka 1204 Genghis Khan aliwashinda Wanaiman, kabila jirani, akamkuta Tata-tonga, Muighuri aliyekuwa mtunza muhuri wao, akamwamuru awafundishe wanawe kuandika. Wauighuri nao waliupata kwa Wasogdia, wafanyabiashara wa kale wa huko huko, na mzizi ni mwandiko wa Kiaramu, lugha ya kale ya Mashariki ya Kati, ambako herufi za Kiarabu pia zilichipuka. Hata ugonjwa wao ni mmoja: bibi aliandika pua na poa sawasawa, ukajijua mwenyewe.

Barua ilimfikia mama baada ya siku kumi na mbili. Rafiki yangu akanipigia video. Mama ameishika kwa mikono miwili, machozi yanamlenga, lakini hawezi kuisoma! Shuleni alifundishwa herufi za Kikirili, kama za Warusi, ambazo Mongolia ilizichukua miaka ya 1940. Akaitwa mjukuu, anayefundishwa mwandiko wa zamani darasani (tangu Januari 2025 nyaraka za serikali kule zinatakiwa kuwa kwa miandiko yote miwili). Mtoto akaanza kuukokota, kidole kikishuka taratibu. Nilikuwa nimemwahidi mama kuwa akija Tanga nitampeleka milima ya Usambara, na hapo kwenye neno mlima ndipo mtoto alipokwama. Wanatamka uul, ila wanaandika agula, kama wazee wa kale walivyosema. Bibi na mjukuu wakabishana kidogo, mimi nasubiri kwenye skrini.

Nilipowauliza wenye duka, wakajibu kwamba nakala ya Kikirili hutolewa bure, mteja akiomba. Mteja ataombaje asichokijua?

Nawapa nyota nne. Ukiagiza, iombe nakala hiyo siku unayolipa. Pia sisitiza waiviringishe ndani ya bomba gumu, kwani yangu ilikunjwa kwenye bahasha na mkunjo umepita katikati ya tumbo la herufi. Ya mama iko ukutani kwenye fremu, na nimeambiwa jozi ya tatu ya soksi iko njiani.