Kilainisha maji cha safari: ununue kipi kwa RV yako?

Ukiingia Arizona au Nevada, huko Marekani, na RV (gari la safari lenye vyumba vya kuishi), maji yenyewe yatakuambia umefika. Sabuni inakataa povu, birika linaota magamba meupe, na matundu ya bomba la mvua yanaziba moja baada ya jingine. Hiyo ni kalsiamu na magnesi, madini yanayofanya maji yaitwe magumu. Hita za RV nyingi hubeba galoni 6 tu, kwa hiyo magamba hayachukui muda kujaa. Sisi tulibadilisha elementi (kipande cha hita kinachopasha maji) mara mbili katika msimu mmoja wa baridi kabla hatujanunua kilainisha maji, na ngozi ya mtoto ilikuwa ikiwasha kila akitoka kuoga.

Anza kwa kupima. Vikaratasi vya kupimia ugumu ni rahisi, na Marekani ugumu huhesabiwa kwa greni katika galoni moja; greni 1 ni kama miligramu 17 kwa lita. Maji ya Las Vegas hukaribia greni 16. Kilainisha maji cha safari ni mtungi unaofungwa kwenye njia ya maji, na uwezo wake nao huandikwa kwa greni, basi gawanya: mtungi wa 16,000 kwenye maji ya greni 16 utakupa galoni 1,000.

Huo wa 16,000 ndio ninaouweka wa kwanza. Familia inayotumia galoni 40 kwa siku itakaa siku 25 bila kuugusa. Mtungi ukichoka, unafungua kifuniko, unamimina paketi mbili za chumvi ya mezani (za gramu 737 zinazouzwa kila duka la vyakula), kisha unapitisha maji polepole, nusu saa hivi, mpaka ladha ya chumvi iishe. Resini iliyo ndani, yaani punje za plastiki zinazonasa madini, huachia kalsiamu na kushika sodiamu upya. Tumia chumvi laini. Ya mawe huchelewa kuyeyuka. Maji hayo ya chumvi yamwage kwenye shimo la maji taka la kambi, yasiende kwenye nyasi za watu.

Wa pili ni wa greni 8,000. Ni mwepesi, unaingia kabatini, na unataka paketi moja tu. Kwa watu wawili unatosha kabisa. Wenye watoto utawachosha.

Mashine za nyumbani zinazojiendesha kwa umeme nunua tu kama umeegesha kwa miezi mingi.

Sumaku na nyaya za kuzungushia bomba ziko mkiani, na nakuomba usizinunue. Haziondoi madini, pima kabla na baada, kikaratasi kitakusomea ugumu uleule. Kichujio cha mkaa nacho hupunguza klorini na harufu, hakilainishi. Kibakishe, ila kwa kazi yake: funga koki, kidhibiti presha, kichujio, kilainisha maji, halafu gari.

Kama nyumbani kuna mwenye shinikizo la damu, mchotee ya kunywa kabla ya mtungi. Kulainisha maji ya greni 16 huongeza takriban miligramu 126 za sodiamu katika kila lita. Na kilainisha maji hakiui vijidudu, kwa hiyo maji ya kisima usichokiamini bado yachemshwe.

Usiku wa barafu, mwaga maji yote yaliyomo mtungini na uuingize ndani. Maji yakiganda humo, mtungi hupasuka.